Upanga wa Kijapani Ukutani: Yapi Kweli, Yapi Uzushi

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anaujua upanga wa Kijapani hata kama hajawahi kuushika: mwembamba, umepinda kidogo, ala nyeusi inayong'aa, mpini uliofungwa utepe unaoacha vipembe vidogo vyeupe. Wa mapambo haugharimu sana. Unaagizwa kwa simu, unapakiwa Dar es Salaam, unashushwa huku mwisho wa reli. Mimi navipenda vitu hivi, na sioni aibu yoyote kwa mtu wa Kigoma au Ujiji kuupamba ukuta wake kwa upanga wa bei nafuu. Linaloniuma ni uzushi unaouzwa pamoja nao, kwa sababu humfanya mtu alipie asichopewa, na mara nyingine humwachia jeraha. Nimeyachukua madai yanayorudiwa zaidi, nikayapima moja moja.

"Una maandishi ya Kijapani, basi umetoka Japani"

Si kweli. Mapanga mengi ya aina hii yanayouzwa kwa bei ya chini hutengenezwa China, na mji unaotajwa zaidi ni Longquan, mkoani Zhejiang. Msomaji asiudharau mji huo. Vyombo vyake vya kauri ya kijani vilivuka bahari kabla Mreno hajafika kwetu, na vigae vyake vimefukuliwa Kilwa na Gedi. Sifa yake ya kufua mapanga nayo ni ya kale. Ila China si Japani, na muuzaji ana wajibu wa kusema hivyo.

Upanga uliofuliwa Japani hupita njia ndefu. Mhunzi lazima awe na leseni, na kanuni za huko humruhusu kumaliza mapanga marefu 2 tu kwa mwezi. Kila upanga husajiliwa kwenye bodi ya elimu ya mkoa, na kuutoa nchini huhitaji kibali cha serikali. Mhunzi akitia jina lake, hulichonga kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini. Kwa hiyo herufi zilizopigwa kwa mashine katikati ya bapa, kila mgeni azione, ni urembo wa kiwandani. Ukizipenda, zipende kama urembo.

"Chuma chake kimekunjwa mara elfu moja"

Si kweli hata kwa upanga wa makumbusho. Kila mkunjo huzidisha tabaka mara mbili: mikunjo 10 ni tabaka 1,024, na mikunjo 15 ni tabaka 32,768. Wahunzi wa Japani huishia karibu na hapo. Nao hawakukunja kwa ajili ya miujiza. Chuma chao cha asili, tamahagane, kilitokana na mchanga wa chuma uliochomwa kwa mkaa, kikatoka tanurini kikiwa na takataka na kaboni isiyolingana. Kukunja na kufua kuliondoa taka na kuisambaza kaboni. Chuma cha kiwanda cha leo hutoka kikiwa kimelingana tayari, hakidai kazi hiyo.

Vilevile, mawimbi unayoyaona karibu na makali ya upanga wa bei ya chini mara nyingi yamechorwa kwa tindikali au kusuguliwa kwa brashi ya waya. Kwenye upanga wa mhunzi mstari ule huzaliwa motoni: bapa hupakwa udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha huzamishwa majini likiwa jekundu. Makali hupoa ghafla yakawa magumu, mgongo hupoa polepole ukabaki na unyumbufu. Mchoro wa tindikali unapendeza kwa mbali. Usikubali tu uongezewe bei kwa sababu yake.

"Feleji nzuri ilijulikana Japani, sisi huku tulisubiri meli"

Si kweli, na dai hili linaniudhi kuliko yote.

Ukitoka ufukwe wa kusini-mashariki wa Ziwa Tanganyika ukapanda nyanda za Ufipa, unakuta malungu: matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, mengine yangali yamesimama. Tanuri la namna hii lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu yaliyo chini, bila mvukuto. Bonge lililopatikana lilichomwa tena kwenye tanuri dogo, safari hii kwa mvukuto, ndipo likafuliwa. Hiyo ni kazi ya watu waliojua moto unataka nini, wapi upitie na kwa muda gani.

Kagera nako kuna ushahidi ulioshangaza wasomi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya walivyoyeyusha chuma kwa kuingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kufika kwenye mkaa, na kilichotoka kilikuwa feleji yenye kaboni. Mabaki ya matanuri ya aina hiyo waliyachimbua, yakaonekana yana umri wa zaidi ya miaka 1,500. Na katika nchi hizi za magharibi jembe la chuma lilikuwa mali ya kubadilishana na sehemu ya mahari. Mhunzi wetu alifua kile ambacho jamii yake ilikithamini, nacho kilikuwa jembe, mkuki na shoka. Kutokufua upanga uliopinda si dalili ya kutojua chuma.

Hata vitara na jambia walizovaa wafanyabiashara wa msafara, njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, zilikuwa na historia ya mchanganyiko. Vitara kadhaa vya Oman na Unguja vina bapa la Kijerumani kutoka Solingen, mpini na ala vikafungwa na mafundi wa kwetu au wa Uarabuni. Upanga wenye sura ya nchi moja na chuma cha nchi nyingine ulipita kwenye barabara hii tangu zamani.

"Samurai alipigana kwa upanga, vingine vilikuwa ziada"

Si kweli. Samurai wa kwanza walikuwa wapiga mishale juu ya farasi. Baadaye mkuki ukatawala, na bunduki zikaingia kuanzia 1543. Mwaka 1876 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilipiga marufuku watu wa kawaida kutembea na upanga, na thamani yake kama sanaa na kumbukumbu ikabaki. Jambia ya Oman imefuata njia ya namna hiyo: huvaliwa kwenye harusi na sherehe, na ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Kwa hiyo anayekwambia upanga wa kutazamwa tu si upanga, hajui mapanga yenyewe yameishi vipi.

"Hauna makali, kwa hiyo hauna hatari"

Si kweli, na hapa naomba nisikilizwe na kila mwenye watoto nyumbani.

Hatari kubwa ya upanga wa mapambo imejificha ndani ya mpini. Upanga wa kazi una msuka mpana unaoingia mbali ndani ya mpini, ukashikwa kwa kigingi cha mwanzi au viwili. Wa bei ya chini mara nyingi una kijiti chembamba cha chuma kilichochomelewa kwenye bapa, ncha yake ikafungwa kwa nati kule mwisho. Pale penye mchomeleo ndipo chuma kilipo dhaifu. Kijana akiurusha hewani mara chache kuigiza alichokiona kwenye filamu, mchomeleo hukatika, na bapa zima huruka sebuleni. Haihitaji makali kumtoa mtu jicho. Zaidi ya hayo, mabapa mengi ya mapambo ni ya stenlesi. Chuma hicho kinafaa sana kwa kisu cha jikoni, lakini kikifanywa kirefu kiasi hicho huwa na tabia ya kuvunjika kinapopigwa badala ya kupinda na kurudi.

Kabla ya kulipa, fanya hivi. Tazama mwisho wa mpini: ukiona nati au kifuniko cha skurubu, umeujua msuka wake. Tafuta kigingi ubavuni mwa mpini, kisha ukisukume kwa kidole uone kama ni kweli au ni kitone cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi. Shika ala kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, utikise taratibu. Ukisikia mlio wa kitu kulegea, urudishe. Vile vipembe vyeupe chini ya utepe ni ngozi ya taa kwenye upanga mzuri, na plastiki kwenye wa bei ya chini. Plastiki haina ubaya wowote kwa kitu cha kutundikwa. Na usimpelekee fundi wa mashine ya kusaga akutilie makali: utakuwa umeongeza makali kwenye chombo ambacho mpini wake hauwezi kukihimili.

"Sumaku ikinasa, ni feleji ya kweli"

Si kweli. Stenlesi inayotumika kwenye mapanga haya, ile inayoitwa 420 au 440, hunaswa na sumaku vilevile. Sumaku itakufichulia bapa la alumini au la mchanganyiko wa zinki, basi.

"Stenlesi haipati kutu, na ukiogopa kutu paka mawese"

Si kweli mara mbili. Stenlesi hukawia kupata kutu, haikingiki nayo kabisa. Huku kwetu, masika yakikolea na hewa ya ziwa ikajaa unyevu, madoa hujitokeza hasa pale palipoguswa na vidole vyenye jasho, na pale bapa linapokaa miezi ndani ya ala iliyovuta unyevu. Upanga wa chuma cha kaboni utakuonyesha kutu mapema zaidi.

Mawese ni neema ya mkoa huu, ila mahali pake ni jikoni. Kwenye chuma huganda, huchacha na kunasa vumbi, na bapa hubaki na utando wa kunata. Wajapani hutumia mafuta mepesi yaliyotiwa harufu ya karafuu, na hapo kuna wanaodhani karafuu ndiyo inayokinga. Kinachokinga ni mafuta yenyewe kuizuia hewa yenye unyevu isiguse chuma. Kwa upanga wa mapambo, tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa laini cha pamba linatosha. Futa ya zamani kwanza, paka mapya kidogo sana, rudia kila baada ya miezi michache.

Anayetaka ushahidi kwamba mafuta huokoa chuma asende mbali na bandari ya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen ili isitekwe, mafundi waliifunika mitambo kwa grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo hiyo bado ilifaa kutumika, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

"Makali yatazame juu"

Kweli. Upanga huu ukiwekwa kwenye kibao chake, upinde huelekea juu. Aina ya kale zaidi, tachi, ndiyo huwekwa makali chini. Kwa nyumba yenye watoto naongeza langu: utundike juu ya kimo cha mtu mzima, kwa skurubu zilizoingia kwenye tofali, si msumari wa kupigilia kwenye plasta.

"Ni pambo, sheria haiuhusu"

Nusu kweli. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 inahusu bunduki na risasi, na upanga uliotundikwa sebuleni kwako hauwi kosa kwa kutundikwa. Mambo hubadilika ukiutoa nje: Kanuni ya Adhabu inamkamata anayetembea hadharani na silaha kwa namna ya kutisha watu, na polisi hatauliza kwanza kama msuka wako ni mpana au mwembamba. Ukiusafirisha, ufunge ndani ya boksi lake na risiti iwe juu. Kwenye ndege hauingii na abiria kwa hali yoyote.

Mwenye ndugu Uingereza awe mwangalifu zaidi. Tangu Aprili 2008, England na Wales zimepiga marufuku kuuza na kuingiza mapanga yaliyopinda yenye bapa la sentimita 50 au zaidi. Miezi michache baadaye yalisamehewa yale yaliyofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi. Upanga wa kiwandani hauingii kwenye msamaha huo, kwa hiyo zawadi uliyoinunua kwa nia njema inaweza kuishia kwa forodha, na maswali yakaelekezwa kwa ndugu yako.