Kwa Nini Mashine za Kiwanda Kimoja Hazielewani

Uendeshaji wa kiotomatiki kiwandani hutegemea mawasiliano yasiyokatika baina ya vifaa vya aina tatu: vihisi, ambavyo hupima joto, shinikizo au mtiririko, vidhibiti, yaani kompyuta za viwandani ambazo mafundi huziita PLC, ambazo hupokea vipimo hivyo na kuamua la kufanya, na vitendaji, kama vile vali na mota, ambavyo hutekeleza uamuzi huo. Mara nyingi vifaa hivyo vimeundwa na kampuni mbalimbali, katika nchi mbalimbali na kwa vipindi vilivyoachana kwa miaka mingi, na kila kampuni huja na itifaki yake, yaani kanuni za namna ujumbe unavyopangwa, unavyotumwa na unavyosomwa. Juhudi za kupata kiwango kimoja cha kuunganisha yote hayo zimechukua zaidi ya miongo minne, na historia yake inaonyesha kwamba kikwazo kikuu hakikuwa waya wala umeme.

Kabla ya zama za kidijitali yalikuwapo makubaliano mepesi yaliyofanya kazi vizuri, na ambayo hata leo hayajaachwa: kihisi hupeleka mkondo wa umeme kati ya miliampia 4 na 20, ambapo 4 huwakilisha kipimo cha chini kabisa na 20 cha juu kabisa. Kuanzia 4 badala ya sifuri kulikuwa na hekima yake, kwa sababu waya ukikatika mkondo hushuka hadi sifuri, na kidhibiti hutambua kwamba hiyo ni hitilafu, si kipimo kidogo. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba jozi moja ya nyaya hubeba kipimo kimoja tu.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa itifaki ya Modbus, ambayo ilienea kwa kuwa ni rahisi na haina gharama ya leseni. Katika Modbus data hukaa kwenye rejista, yaani visanduku vya kumbukumbu vyenye biti 16 kila kimoja, na kidhibiti huomba rejista kwa namba yake. Kiwanda cha maziwa kinatosha kuonyesha matatizo yaliyojificha katika urahisi huo. Ili kuua vijidudu vya maradhi, njia iliyozoeleka ni kupasha maziwa hadi nyuzijoto 72 za Selsiasi kwa muda usiopungua sekunde 15, na maziwa yasiyofikia joto hilo hurudishwa nyuma na vali maalumu ili yapashwe upya. Joto la 72 likiandikwa kama namba ya desimali yenye biti 32, hujaza rejista mbili: ya kwanza huwa na 17040 na ya pili sifuri. Itifaki yenyewe haisemi ni nusu ipi itangulie. Kihisi kikitanguliza nusu moja na kidhibiti kikitarajia nyingine, 72 husomeka kama namba ndogo mno isiyotofautiana na sifuri, vali hurudisha maziwa yote, na uzalishaji husimama.

Kosa la namna hiyo lina nafuu, kwa kuwa hujitangaza lenyewe. La kuogopwa zaidi ni lile linalofanana na ukweli: rejista haibebi kipimio, na kihisi kilichopangwa kwa nyuzi za Farenhaiti kitatoa 72 ilhali maziwa yana nyuzijoto 22 tu za Selsiasi, nacho kidhibiti kisichojua tofauti hiyo kitayapitisha.

Majaribio ya kuondoa mkanganyiko huo yalianza mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya magari ya General Motors iliasisi itifaki iitwayo MAP ili roboti na mashine za wauzaji wote zielewane, lakini vifaa vyake viligharimu mno na mpango ukafifia. Ikafuata fildibasi, yaani waya mmoja wa kidijitali unaounganisha vifaa vingi, na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ikaanza kutafuta fildibasi moja kwa ulimwengu mzima. Wajerumani walikuwa na Profibus, Wafaransa walikuwa na FIP, Wamarekani walikuwa na zao, na hakuna kampuni iliyokuwa tayari kuona mtaji wake ukizikwa kwa kura ya kamati. Baada ya mabishano ya karibu miaka 15, kiwango cha IEC 61158 kilipitishwa kikiwa na aina nane zisizoweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, zote zikiitwa kiwango kimoja. Ni vigumu kuyaita hayo maafikiano. Yalikuwa ni kugawana ushindi.

Njia iliyozaa matunda zaidi iliacha ugomvi wa waya na kushughulikia maana. Mwaka 1996 kilitoka kiwango cha OPC, ambacho kilifungamana na Windows ya Microsoft, na mwongo mmoja baadaye kikafuatwa na OPC UA, kisichotegemea mfumo wowote wa kompyuta, ambacho leo kinatambuliwa kama IEC 62541. Humo 72 haisafiri peke yake, bali huandamana na aina ya data, muda wa kupimwa na hali ya ubora inayoeleza kama kihisi kinaaminika, huku kipimio na mipaka ya kipimo vikielezwa katika modeli ya data ya kifaa chenyewe. Juu ya msingi huo, vyama vya watengenezaji huandika kamusi za fani zao, kwa mfano za mashine za kufinyanga plastiki.

Suala la wakati lilibaki, kwani mota zinazokwenda sambamba haziwezi kungoja ujumbe uliokwama kwenye msongamano wa mtandao. Jibu lake ni TSN, nyongeza za Ethaneti zinazolinganisha saa za vifaa kwa usahihi wa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde na kutenga nafasi maalumu kwa ujumbe wa dharura. Mnamo Novemba 2018, huko Nuremberg, kampuni zilizokuwa zikishindana zilitangaza mradi wa kuifikisha OPC UA hadi kwenye vihisi na mota zenyewe.

Hata hivyo, mashine ya kiwandani huweza kufanya kazi miaka 20 au 30, na kiwango kipya hakiiondoi ile ya zamani. Kwa sababu hiyo viwanda hufunga kifaa cha kutafsiri kati ya Modbus na OPC UA, na fundi hulazimika kujaza kwa mkono jedwali la rejista, kipimio na mpangilio wa nusu za namba. Jedwali likikosewa, OPC UA itasafirisha kosa hilo likiwa na kipimio, muda na alama ya ubora mzuri.