Kazi ya Kumwandikia Asiyesikia



Vijana wetu wakiulizwa watafanya kazi gani, wengi hujibu udaktari, urubani au biashara. Ipo kazi nyingine ambayo haitajwi: kuandika maneno ya msemaji papo hapo, ili asiyesikia ayasome wakati ule ule wenzake wanapoyasikia.

Huenda mtu akauliza, si kuna lugha ya alama? Naam, na kwa waliokua nayo haina mbadala. Lakini wapo waliopoteza usikivu ukubwani. Babu aliyezungumza na kusoma miaka sitini hajui alama hata moja. Kwenye kikao cha ukoo watu wakicheka naye hutabasamu tu, na hajui kilichosemwa. Huyo anahitaji maandishi.

Nchini Marekani kazi hii ni fani kamili. Mwaka 1982 taarifa ya habari ya televisheni ya ABC ilianza kuandikiwa papo hapo, na sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu ikaisaidia kuingia vyuoni. Mwandishi hukaa karibu na mwanafunzi, au husikiliza kutoka mbali kwa intaneti.

Kwa taipu ya kawaida hawezi kumfuata msemaji. Hutumia mashine ya hati mkato yenye vitufe vichache kuliko herufi za alfabeti, akibonyeza kadhaa kwa pamoja ili kupata silabi nzima au neno. Kompyuta hulinganisha mibonyezo hiyo na kamusi anayoijenga mwenyewe, kisha maneno hutokea kwenye skrini. Kabla ya somo la tiba huomba majina ya dawa na kuyaingiza mapema. Mtihani wa chama chao ni maneno 180 kwa dakika, kwa dakika tano, na usahihi wa asilimia 96. Yaani katika maneno 900 husamehewa makosa 36. Kujifunza huchukua miaka, na wengi huacha njiani.

Siku hizi kompyuta husikiliza na kuandika yenyewe. Inasaidia, ila hukosea majina, na watu wawili wakisema kwa pamoja huvurugikiwa. Nasi Waswahili tunajua uzito wa silabi moja: daktari amesema "usinywe", ikiandikwa "unywe" mgonjwa ameangamia.

Kazi hii ni amana. Mwandishi hafupishi, hapambi, haachi utani kwa kuuona hauna maana, wala hatoi nje aliyoyasikia humo.

Anayetaka kujipima asitumie khutba ya Ijumaa, maana hapo tumeamrishwa kunyamaza na kusikiliza. Achague darsa la baada ya Magharibi, amwombe ustadhi ruhusa ya kurekodi, aandike kila neno kwa dakika tano. Kisha asikilize tena na ahesabu yaliyompita.