Lenzi za Kuvaa Machoni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Lenzi ya kuvaa machoni ni kifaa tiba, hata ile ya rangi inayovaliwa kwa urembo tu. Hukaa juu ya konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake hutoka hewani kupitia machozi. Kwa hiyo mnunuzi asianze kwa kuuliza rangi wala bei, bali aulize kama lenzi hiyo inapitisha hewa ya kutosha.

Lenzi za awali za plastiki ngumu hazikupitisha hewa. Mwaka 1961 mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alitengeneza lenzi laini kwa plastiki inayofyonza maji. Siku hizi zipo pia lenzi za silikoni haidrojeli, zinazopitisha oksijeni kwa wingi zaidi.

Ubora wa malighafi pekee hautoshi. Lenzi laini nyingi zina kipenyo cha milimita 14 hivi, lakini mpindo wa konea hutofautiana baina ya watu. Lenzi inayobana huzuia machozi kupita chini yake. Iliyolegea huhama kila jicho linapopepesa. Vipimo vya miwani havitoshi kuchagulia lenzi. Mtaalamu wa macho hupima mpindo, humjaribisha mteja lenzi na kuichunguza ikiwa jichoni.

Mkazi wa Ihembe azingatie pia mazingira yake. Vumbi la barabara wakati wa kiangazi, moshi wa kuni na makapi ya maharage hunasa chini ya lenzi na kukwaruza konea. Maji ya chemchemi, ya bomba au ya mvua yasitumike kuoshea lenzi, kwani huweza kuwa na ameba wanaoshambulia konea. Itumike dawa maalumu ya lenzi, na lenzi ivuliwe kabla ya kulala.

Katika gharama, mnunuzi ajumlishe bei ya lenzi, dawa ya kuoshea, na nauli ya kurudi kwa mtaalamu kukaguliwa. Asiyeweza kuzimudu zote atumie miwani. Si aibu, na ni salama zaidi.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu, lenzi ivuliwe mara moja na mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na lenzi yake. Asitumie dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Muuzaji asiyeuliza vipimo, au anayeuza lenzi isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, aripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.