Ushauri Nasaha (Sehemu ya 4): Anayelijua Duara Ni Aliyeshuka

Tangu mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, ulipotitia Agosti 2025 na kufukia watu 25, habari za maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, haziishi kwenye mashine za mpunga hapa Kagongwa. Wenye kumbukumbu hurudi hadi Nyangalata, Kahama, ambako mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kila msimuliaji anajua walikula nini kule: mizizi, vyura, wadudu. Sijamsikia hata mmoja akiuliza wanalalaje tangu watoke.

Katika sehemu zilizotangulia tulikubaliana kwamba maradhi ya akili si laana, na kwamba Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, si jina la kutishia watoto. Leo tuingie chumbani kwa mshauri. Ila hatuwezi kuingia bila kumtaja mtu ambaye sijachoka kumsoma tangu ujana wangu: Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902.

Rogers alikulia shambani, na chuoni alianza na masomo ya kilimo. Uzeeni aliandika kuhusu viazi vilivyohifadhiwa kwao wakati wa baridi, katika chumba cha chini ya nyumba. Gizani humo, bila udongo wala maji, vilichipua. Machipukizi yalikuwa meupe na dhaifu, lakini yalirefuka kukifuata kidirisha kilichokuwa mbali. Mkulima yeyote wa kwetu amewahi kuona mbegu ikihangaika namna hiyo. Rogers aliona humo hali ya binadamu: hata akibanwa vipi, uhai ndani yake bado unatafuta nuru.

Kisha kuna kisa cha Rochester, mji alikofanya kazi na watoto kwa miaka 12. Mama mmoja alikuwa na mtoto mtundu. Rogers alishaamua moyoni kwamba kosa ni la mama, akajitahidi kwa upole kumwonyesha. Vikao vikapita bila mafanikio, wakakubaliana waachane. Mama alipofika mlangoni akageuka na kuuliza kama pale huwa wanashauri watu wazima pia. Akarudi kitini, akamwaga ya moyoni kuhusu ndoa yake. Rogers akanyamaza, akasikiliza. Kuanzia hapo mambo yakaanza kutengemaa, ya mama na ya mtoto pia. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 aliujenga ushauri wote juu ya mtu anayeitwa mteja badala ya mgonjwa, kwa maana mwenye maumivu ndiye anayejua panapouma.

Sisi tuna haraka ya mawaidha. Mtu hajamaliza sentensi, tumeshamwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Ubaya zaidi, aliyekosa usingizi mara nyingi ameambiwa nani kamroga, hakuulizwa nini kimempata. Kwa imani hiyo ya uchawi mkoa wetu umewahi kuua bibi zake, kosa lao likiwa macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Kutosikiliza kunaua, ndugu zangu.

Sasa mfikirie kijana aliyetoka shimoni, ambaye hawezi kulala taa ikizimwa. Anaingia kwa mshauri.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu. Ungependa tuanzie wapi?”

“Mtaalamu ni wewe mama, niambie tu la kufanya.”

“Kazi niliyosomea ni kusikiliza. Duara hilo umelishuka wewe.”

Ndivyo ilivyo. Usitarajie kuhubiriwa, wala kupewa jibu siku ya kwanza. Mtapanga pamoja mnataka kufikia nini na mkutane mara ngapi. Usiyoyataka kuyasema leo, yatasubiri. Siri yako itatunzwa, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, na mshauri mwaminifu hukueleza hilo mapema. Njia isipokufaa, mwambie, mbadilishe. Huenda ukatoka kikao cha kwanza umechoka kuliko ulivyoingia. Usikate tamaa kwa hilo. Pa kuanzia ni hospitali ya serikali iliyo karibu nawe: ulizia ustawi wa jamii, au mhudumu wa afya ya akili.

Na wewe uliyebaki nyumbani, kijana akikuomba usizime taa, usimcheke. Iache iwake, ukae naye.

Wiki ijayo: dawa na ushauri, lini huenda pamoja.