Chaguo-msingi na Vigezo Vilivyostaafishwa: Mfano wa Kolwezi

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza hatima ya vigezo pale programu ya kompyuta inapohamishiwa toleo jipya. Kwa chaguo-msingi twamaanisha thamani ambayo programu huishika yenyewe mtumiaji anaponyamaza. Kigezo kilichostaafishwa ni kile ambacho bado kinakubalika, ila watungaji wamekwisha kutangaza kuwa kitaondolewa.

Kolwezi yatupa mfano mzuri, maana majina yanayouhusu hayakutulia. Jimbo la Katanga liliitwa Shaba tangu 1971, likarudia Katanga mwaka 1997, kisha likagawanywa mwaka 2015 na Kolwezi ukawa mji mkuu wa Lualaba. Mwaka huohuo wa 1997 alama ya nchi, ZR, iliondolewa katika orodha ya kimataifa, mahali pake pakawekwa CD. Hata hivyo rekodi za zamani hazikupotea: hazina ya CLDR, itunzwayo na Unicode, ina jedwali la visawe ambamo ZR husomwa CD. Hiyo ndiyo njia ya kiungwana ya kustaafisha kitu.

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, haimo katika kigezo kikuukuu kinachotoa onyo, bali katika chaguo-msingi linaloziba pengo kimyakimya. Kongo ina kanda mbili za saa. Mhudumu wa Kolwezi akifuta kigezo Africa/Lubumbashi, na programu ikashika saa ya Kinshasa, kila zamu ya mgodini itaandikwa saa moja nyuma, wala hapana onyo litakalotokea. (Siku hizi jina hilo la Lubumbashi ni kiungo tu kiendacho Africa/Maputo, lakini lafanya kazi bado.)

Lugha nayo imo. Alama swc, ya Kiswahili cha Kongo, imeelekezwa kwenye sw_CD. Na neno lisiloandikwa chini ya sw_CD huazimwa kutoka sw, yaani Kiswahili sanifu. Asemaye "mwezi ya kwanza" ataandikiwa "Januari" iwapo hapana aliyelijaza pengo hilo.

Java yaonyesha mwendo mzima. Toleo la 9, mwaka 2017, lilifanya CLDR kuwa chaguo-msingi. Data ya zamani ilipatikana kwa kigezo COMPAT. Toleo la 21, mwaka 2023, lilianza kuonya, na la 23, mwaka 2024, likakiondoa. Aliyetaka kusalimika alikuwa na miaka saba ya kuorodhesha thamani zote zinazotumika, hata zile ambazo hakupata kuziandika, na kuzilinganisha na za toleo jipya kabla ya kuhama.