Chumba Kipya: Tuanze kwa Kutazama Chini

Nyumba ya mbao iliyojengwa penye mteremko, kama zilivyo nyingi huko Bukavu, mara nyingi huanza na vyumba viwili. Watoto wakizaliwa, na nyanya akiletwa kutoka kijijini, baba hutaka kuongeza cha tatu. Huita fundi, nao huzungumza habari za mabati na dirisha. Sisi twawaomba watazame kwanza chini.

Tupige hesabu. Chumba cha meta 3 kwa 4 kina eneo la meta 12 za mraba. Sakafu ya nyumba ya kukaa yafaa iweze kubeba kilo 200 hivi kwa kila meta ya mraba. Jumla ni kilo 2,400, yaani uzito wa watu 40! Mzigo huo hupita katika mbao, boriti na nguzo hata kufika ardhini. Mahali pamoja pakiwa dhaifu, kazi yote ni bure.

Mbao za kubeba sakafu zisilazwe, bali zisimamishwe kwa ubavu mwembamba. Ubao wa sentimeta 5 kwa 15 ukisimamishwa hupata nguvu mara 3, na kupinda kwake ni sehemu moja tu katika 9. Tena, nafasi kati ya mategemeo ikizidishwa mara mbili, ubao uleule hupinda mara 16. Kwa hiyo ni vyema kupitisha boriti katikati ya chumba. Lakini boriti hiyo hubeba nusu ya mzigo wote au zaidi. Basi nguzo zake ziwe imara kuliko nyingine.

Kila nguzo isimame juu ya msingi wa mawe au simenti, uliochimbiwa hata kufika udongo mgumu. Udongo uliomwagwa ili kusawazisha kiwanja huzama. Mti usiguse ardhi, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Maji ya mvua yachimbiwe mfereji, yasije yakala misingi. Wala tusining'inize sakafu mpya kwenye ukuta wa kale: nyumba ya kale imekwisha kutulia, lakini ile mpya bado itashuka kidogo.

Hakuna mgeni atakayesifu nguzo zilizofichika. Hata hivyo, usiku wa mvua kubwa, watoto wakiwa wamelala, ndizo zitakazomwezesha baba naye kulala.