Pima Kasha Kabla ya Kununua Vifaa

Mjukuu wangu alitaka kuunda kompyuta yake mwenyewe, ndogo, ikae juu ya meza ya kusomea. Tukaenda soko la kompyuta la Olaya, hapa Riyadh, tukanunua vifaa kimoja kimoja. Nyumbani vyote vikaingia, lakini ubavu wa kasha ukakataa kufungika. Feni ya kupozea prosesa ilizidi kimo kwa milimita 8. Muuzaji akasema boksi lishafunguliwa, harudishi. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa kakaa mbele yangu kanuna.

Kosa lilikuwa letu. Tuliangalia ubao mama tu. Ubao wa Mini-ITX una milimita 170 kwa 170, nao uliingia bila taabu. Lakini kasha dogo lina mambo mengine matatu ya kuangalia: kimo cha feni ya prosesa, urefu wa kadi ya picha, na aina ya pawa saplai. Pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150, ya SFX 125, na makasha mengi madogo huchukua hiyo ya SFX. Tena ukifunga feni mbele ya kasha, mara nyingi kadi hupoteza milimita 25, maana ndio unene wa kawaida wa feni.

Wiki ya pili tukarudi Olaya na rula na daftari. Tukapata feni fupi, ubavu ukafungika.

Basi wazazi wenzangu, chagueni kasha kwanza, andikeni vipimo vyake, ndipo mtoe pesa.